Meza Inayosoma Vitu: Hangaika na Mwanga Kwanza

Reactable, ala ya muziki iliyoanza kubuniwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, huchezwa kwa kusogeza na kuzungusha vibao mezani. Programu inayovitambua vibao hivyo, reacTIVision, ni ya bure, hivyo meza ya namna hiyo unaweza kuijenga mwenyewe. Kinachowakwamisha wengi ni mwanga.

Kamera hukaa chini ikitazama juu. Kila kibao hubandikwa alama yake upande wa chini, na programu hutoa namba ya kibao, mahali kilipo na kimegeukia wapi. Kioo cha juu ya meza kikiwa na upana wa sentimeta 64 na kamera ikiona nyuzi 60, ishushe kama sentimeta 55. Kwa picha ya pikseli 640 kwa 480 utapata pikseli moja kwa kila milimita: alama ya sentimeta 6 husomeka vizuri, ya sentimeta 2 huonekana na kupotea.

Ukitaka projekta irushe picha kutoka chini, tandaza karatasi ya trasi, ile ya wachora ramani, juu ya kioo. Ukiibandika chini yake, unene wa kioo utaitia alama ukungu.

Sasa picha ya projekta itaichanganya kamera. Tumia taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za nanomita 850, ondoa kichujio kinachozuia infraredi ndani ya kamera, kisha ziba lenzi kwa vipande viwili vyeusi vya negativu ya filamu ya rangi iliyokwisha safishwa studio, ili ipite infraredi tu. Taa zielekeze kwenye kuta za sanduku zilizopakwa rangi nyeupe. Ukizielekeza kwenye kioo, utapata madoa meupe yanayomeza alama.

Alama zichapishe kwa printa ya leza. Aina nyingi za wino wa printa za wino wa maji (inkjet) hupitisha infraredi: wewe unaona nyeusi, kamera inaona karatasi tupu. (Hapo ndipo watu huilaumu programu bure.)

Zima urekebishaji wa mwanga wa kamera unaojiendesha wenyewe, na upunguze muda wa kufunua lenzi, la sivyo kibao kikisukumwa haraka alama itavurugika.

Taarifa hutoka reacTIVision kwenda programu yako ya muziki kwa TUIO, utaratibu wa kupelekeana data, kupitia mlango wa mtandao 3333 wa UDP: x na y kati ya 0 na 1, pembe kwa radiani. Kibao kikipotea, programu yako isikifute papo hapo. Subiri kama milisekunde 200.

Na pazia lifungwe. Jua lina infraredi tele.