Shangazi, nimepelekwa Istanbul kushonesha zipu

*Shangazi, mimi na mume wangu tulidunduliza miaka miwili tukapata safari ya Istanbul, siku sita. Siku ya nne, Jumapili, nimeshajipamba naisubiri Kapalıçarşı, lile soko la kale, mwenzangu kavaa kandambili: "Leo tunatulia." Kutulia kwenyewe ni kupeleka nguo kwa dobi, kutafuta dawa ya kikohozi chake na kushonesha zipu ya begi. Siku nzima! Dada yangu anasema huyo ni bahili tu. Tangu turudi namjibu kwa mkato.*
*Mwenye Donge, Tanga*

Mwenye Donge mwanangu,

Tuanze na Kapalıçarşı, maana naona donge lenyewe limekwama hapo. Soko hilo Jumapili halifunguliwi. Hata mumeo angevaa suti, mngeishia kutazama milango.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeikata, lakini nimeisoma yote mara mbili. Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537, umeipa mistari miwili, na mmoja ni wa foleni. Fundi wa zipu umempa ukurasa mzima! Umenieleza alivyobana sindano mdomoni, alivyosugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa, na chai aliyowaletea bila kuulizwa, kwenye vile vigilasi vyenye kiuno. Umeniambia ulivyocheka kugundua kwamba Kituruki kumbe unakijua: chai ni çay, sabuni ni sabun, duka ni dükkân. Kisha duka la dawa mkalikuta limefungwa, mkasimama kusoma karatasi iliyobandikwa dirishani kutaja lile la zamu, mkapotea njia, na mkavuka barabara mmeshikana mikono. Hapo Ngamiani mmeshikana mikono lini?

Mtu aliyeudhika siku nzima hakumbuki kipande cha mshumaa.

Na huyo bahili wa dada yako, mbona kalipa dobi? Bahili ninayemjua mimi angekukabidhi sabuni na sinki la hoteli.

Haya, mumeo naye asitoroke. Kikohozi hakikuanza asubuhi ile, na zipu ulisema iling'oka uwanja wa ndege. Alikuwa na siku tatu za kukuambia, akangoja umalize kupaka wanja. Nadhani aliona haya kukiri amechoka mbele ya mke aliyeisubiri safari miaka miwili. Wanaume wa namna hiyo ninao wawili katika ukoo wangu. Wataburuta mguu mpaka uvimbe, ukiwauliza wanasema kiatu kinabana. Lakini haya zake zimekupotezea wewe asubuhi, na hilo una haki ya kumwambia. Mwambie hivyohivyo: iliniuma kwa sababu hukunishirikisha jana yake. Soko usilitaje, atakujibu kwamba lilikuwa limefungwa na mtaanza upya. Dada yako mpumzishe kwanza. Anahukumu siku ambayo hakuwepo.

Safari ijayo, siku ya dobi iwekeni kwenye ratiba kabla hamjapanda ndege, iangukie siku ambayo pale unapopatamani pamefungwa. Muda wake uishe saa kumi jioni. Mngefanya hivyo Istanbul, mngechukua nguo zenu, mkateremka Eminönü na kupanda feri ya Kadıköy. Ni dakika ishirini hivi, mnalipia kwa kadi ileile ya basi, na mmetoka Ulaya mmeingia Asia huku shakwe wanawafuata kuomba mkate. Hapo ungevaa ule wanja wako wote, na yeye angevua kandambili.

Ukishazungumza naye niandikie. Na unijuze, ile zipu imeshika?

Shangazi