Timu mpya ya frizbi ikitaka kushinda msimu wa kwanza, ianze na pasi ya nyuma

Watu wananiuliza sana tulifanyaje, maana timu yetu hapa Kampala ilikuwa mpya kabisa, karibu nusu ya wachezaji hawakuwa wamewahi kushika diski, na bado msimu wa kwanza tukashinda karibu kila mechi, nyingine kwa mbali sana. Wengi wanadhani tulikuwa na warushaji wa kutisha. Hapana bana, wa kurusha mbali tulikuwa nao wawili watatu hivi, kama timu yoyote. Tulichokuwa nacho ni pasi ya nyuma, ile fupi ya mita tano sita ambayo hakuna mtu anaipiga picha, na nataka niieleze vizuri kwa sababu kila nikiona vijana wanaanzisha timu chuoni au mtaani nakuta zoezi lao la kwanza ni kushindana nani anarusha mbali.

Kwa ambaye hajacheza ultimeti, yaani hii frizbi ya timu: ni watu saba kwa saba, uwanja mita 100 kwa 37, kila mwisho una endizoni ya mita 18, ukiidaka diski ndani ya endizoni unayoshambulia ni pointi. Ukiwa na diski hukimbii, unazungukia mguu mmoja tu, na anayekukaba anakuhesabia mpaka kumi, uwe umeshairusha. Diski ikianguka, ikitoka nje au ikikatwa, ni ya wapinzani palepale. Hapo ndipo timu changa zinapofia. Unakuta wapinzani wala si wakali hivyo, ila wenyewe mnaidondosha karibu na endizoni yenu, halafu wale wanahitaji pasi mbili tu kumaliza kazi.

Hebu pigeni hesabu kidogo. Kama kila pasi yenu inafika mara 90 kwa 100, mnajiona wazuri, si ndiyo? Sasa mkihitaji pasi saba mfululizo kufika mbele, nafasi ya zote saba kufika ni chini ya nusu. Lakini mkiipandisha kila pasi mpaka ifike mara 97 kwa 100, zote saba zinafika kama mara 81 kwa 100. Hakuna mtu aliyejifunza kurusha mita 60 hapo, ni pasi rahisi tu imekuwa rahisi zaidi. Nilipowaonyesha wachezaji wetu hesabu hiyo kwenye simu, ubishi wa mazoezi uliisha.

Sasa mwangalie mchezaji mpya mwenye diski hesabu ikifika sita. Bado anatazama mbele, anatafuta mtu wa mbali, mabega yanapanda, saba, nane, anashtuka, anairusha juu juu imfikie yeyote. Sisi tukakubaliana kitu kimoja kisichojadiliwa: ikifika tano unageuka. Na kugeuka si macho, ni kiuno kizima, unamgeukia hendla wako, yule anayekaa karibu na diski kupokea pasi fupi, aliye pembeni au nyuma, na huko kugeuka ndiyo ishara yake, hakuna kuitana jina wala kupunga mkono. Yeye anapiga hatua mbili kali kwenda mbele, anayemkaba akifuata, hendla anakata kurudi nyuma, na wewe humrushii mwilini, unamrushia kwenye nafasi iliyo mbele ya kifua chake, diski ielee taratibu aifuate mwenyewe. Akidaka, hesabu inaanza upya. Mna sekunde kumi nyingine, na aliyetakiwa kumkaba bado anahema njiani, kwa hiyo mara nyingi upande uliokuwa umezibwa sasa uko wazi.

Hiyo tulifanya nusu saa kila mazoezi, watatu watatu, mmoja na diski, mmoja anakaba anahesabu kwa sauti kubwa, mmoja anapokea. Inachosha, sikatai. Kuna waliolalamika wanataka mechi, na kocha aliwaacha walalamike, zoezi likaendelea. Na fanyeni mkiwa mmechoka, mwishoni, maana kwenye mashindano mechi ya jioni ndiyo inawakuta miguu imeisha na hapo mtu anarudia kile mwili ulichozoea.

Jambo la pili, na hili nalisema kwa moyo wote: tafuteni wadada wa netiboli. Uganda hii tuna hazina, She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walimaliza wa tano kwenye Kombe la Dunia 2023 kule Cape Town, na kila shule ina wasichana waliocheza. Netiboli nayo huruhusiwi kukimbia na mpira, unazungukia mguu mmoja, na una sekunde tatu tu za kuushika! Yaani dada aliyezoea sekunde tatu ukimpa kumi anatulia kabisa. Kurusha fliki, ule mrusho wa kifundo cha mkono, atajifunza kwa wiki chache, lakini ule utulivu wa miguu na kujua kutokea kwenye nafasi, huo huwezi kumfundisha mtu haraka. Kwenye miksi mnakuwa wanaume wanne na wanawake watatu au kinyume chake, na timu nyingi unakuta wanaume wanarushiana wenyewe, kina dada wanakimbia uwanja mzima bila kugusa diski. Wapinzani wakishaligundua hilo wanaacha kuwakaba wale dada na kuja kuziba wanaume, tayari mnacheza wanne dhidi ya saba. Mechi zetu kadhaa za ushindi mkubwa zilikuwa hivyohivyo: wao watu wanne, sisi saba. Mahendla wetu wawili wa kutegemewa walikuwa dada wa netiboli na hakuna aliyethubutu kuwaacha wazi mara ya pili.

Mvua msiikwepe. Kampala mchana jua, saa kumi mvua inamwagika, na mechi inaendelea ikiwa hakuna radi. Wekeni taulo kavu ndani ya mfuko wa nailoni pembeni, na diski ikilowa dakeni kwa mikono miwili, mmoja juu mmoja chini, hata kama ni pasi ya mtoto.

Najua kuna njia nyingine. Dallas Roughnecks kule Marekani waliingia ligi ya kulipwa mwaka 2016, wakasajili majina makubwa akiwemo Beau Kittredge, wakamaliza msimu wa kwanza bila kupoteza mechi hata moja na kombe wakachukua. Raha tupu. Lakini mwaka uliofuata Kittredge alikuwa San Francisco, na kombe la 2017 likaenda San Francisco. Sisi hatuna hela za kusajili mtu, tuna nauli ya taksi na rolex, ile chapati ya kukunja na mayai, baada ya mazoezi, na mchezaji wako mkali akipata kazi Mbarara au Gulu ndiyo ameondoka. Mkiwa mmejenga kila kitu juu yake, timu imekwisha. Pasi ya nyuma inabaki na wote.

Halafu kuna roho ya mchezo. Mchezo huu kwetu hauna refa, faulo mnaziita wenyewe na kuzijadili wenyewe, na baada ya mechi kila timu inaipa nyingine alama kwenye mambo matano: kujua sheria, kugusana, haki, tabia njema na mawasiliano, kila moja sifuri mpaka nne. Timu inayoshinda sana inachukiwa upesi, na mtu aliyefungwa 15 kwa 3 kila mguso anauona faulo. Kwa hiyo someni sheria wote, si kepteni peke yake. Tulikuwa na kawaida, anayedaiwa faulo anauliza kwanza, "Ndugu, umeona nini?" anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anajibu. Sauti zinashuka zenyewe. Na mkiwa mnaongoza kwa mbali msianze kurusha kwa madoido, ni dharau, endeleeni kucheza mchezo uleule, wapeni heshima ya kukabwa kwelikweli.

Msimu wa pili wameshatusoma. Wanatuwekea zoni, yaani wanakaba eneo badala ya mtu, watatu wanamzunguka mwenye diski ili ile pasi ya nyuma iwe finyu, na siku ya upepo inauma. Kwa sasa tunazoeza hendla wa tatu asimame mbali zaidi pembeni, diski ihame uwanja mzima kwa pasi mbili kabla ukuta wao haujahama, na wale wanaokimbia mbele wasijazane, wasimame kwenye matundu nyuma ya ukuta wangoje. Mkikutana na zoni mapema, anzeni hapo hapo.