Wenzako Wakighairi, Wewe Nenda

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia ujumbe mrefu ambao ningeweza kuumalizia mwenyewe kabla sijafika katikati. Likizo yake imekwisha kuidhinishwa, fedha ya safari ameiweka kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka, na walikuwa wanne waliokubaliana kwenda Kigoma kuliona Ziwa Tanganyika na sokwe wa Gombe. Wa kwanza akasema mumewe hajaridhia, wa pili akasema ada za watoto zimembana, wa tatu akaacha tu kujibu kwenye kundi la WhatsApp. Sasa anauliza kama aahirishe hadi mwakani ili waende wote. Nilimjibu kwa kifupi kwamba asiahirishe. Jibu refu naliweka hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mwanamke mwenye hamu ya kuiona nchi hii ambaye bado anangoja mtu wa kumsindikiza.

Safari hiyo hiyo ya Kigoma niliifanya peke yangu, na chanzo kilikuwa hicho hicho. Tulipanga watano, tukachagua mwezi, tukagawana majukumu, kisha wakajitoa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alijitoa usiku wa kuamkia siku ya kukata tiketi. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyowaonyesha, kwa sababu hawa ni watu ambao nimekwenda kwenye misiba yao na kuchangia harusi zao bila kukosa. Nilikata tiketi yangu peke yangu kesho yake asubuhi, na hadi leo sijaona uamuzi mwingine wa maisha yangu ulionipa nguvu kama ule.

Kwetu, mwanamke anayesafiri peke yake huulizwa kwanza anakwenda kwa nani. Tumezoea kwamba mtu hufunga safari kwa ajili ya msiba, harusi, mgonjwa, kazi au biashara, na kwamba huko aendako kuna mwenyeji anayemngoja. Mama yangu aliniuliza swali hilo, jirani akaniuliza, na mkaguzi wa tiketi naye akaniuliza. Nilipowajibu kwamba nakwenda kuliona ziwa, walinitazama kana kwamba kuna jambo ninalolificha. Jifunze kulitamka jibu hilo bila kuongeza maelezo: nakwenda kutembea. Ukianza kujitetea, muulizaji anaona kwamba hata wewe mwenyewe hujajiruhusu.

Wakati huo treni ya umeme ilikuwa bado haijaanza, kwa hiyo nilipanda treni ya reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wake, zaidi ya kilomita 1,200, kwenye njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Nilichukua daraja la pili la kulala, na sababu yangu ni ushauri wangu wa kwanza kwa dada yule: vyumba vyake vina vitanda sita, na wanawake hupangwa peke yao na wanaume peke yao. Ukiingia humo umekwisha kupata wenzako wa safari, tena ambao hawawezi kughairi.

Katika chumba chetu alikuwamo mama mmoja wa Kasulu aliyekuwa akirudi nyumbani na sufuria mpya zilizofungwa ndani ya khanga. Nilimwamkia, akaniuliza swali lile lile, nikamjibu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mwanangu, kaa dirishani." Yeye ndiye aliyenionyesha kipande cha mbao kilicholala pembeni mwa kitanda, ambacho wasafiri wengi hawajui kazi yake. Usiku, kabla ya treni kuingia stesheni kubwa, unapandisha dirisha na kuukaza ubao huo ili mtu aliye nje asiweze kulishusha na kupitisha mkono. Alinionyesha namna ya kuukaza, akaujaribu kwa kiganja, kisha akaniambia niufanye mwenyewe huku akitazama. Tabora, ambako mabehewa ya Mwanza hutenganishwa na ya Kigoma na treni husimama muda mrefu, alinituma asali na akaniambia bei kabla sijashuka, nami nikanunua kwa bei hiyo hiyo bila kubishana na mtu. Ushauri wote wa kujiamini safarini ninaoujua umo katika mambo hayo mawili: kujua namna ya kufunga dirisha lako, na kujua bei kabla hujaulizwa unataka nini. Bei ya bodaboda, ya daladala, ya chumba, yote muulize mwanamke aliyeketi karibu nawe kabla hamjafika.

Kigoma nilifika asubuhi, na hili sikuliacha lijitokee lenyewe, maana ratiba niliichagua kwa sababu hiyo. Usifike mji usioujua usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, watu wengi wanashushwa stendi saa tisa za usiku, wakiwa na mizigo na usingizi, na hapo ndipo mtu hukubali bei yoyote na dereva yeyote. Chagua basi la kukufikisha mchana hata kama nauli yake imezidi. Usiku wa kwanza uwe umekwisha kuulipia chumba. Usiku wa pili unaweza kuutafutia mahali pengine ukiwa umeoga na umekula.

Ujiji sitausimulia sana, kwa kuwa kila mtoto wa shule anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone huko mwaka 1871. Nilikwenda kwa daladala, nikauona mnara, nikarudi. Kilichonikalia moyoni ni Kibirizi, mahali boti za kaskazini zinapoanzia, ambako wanawake walikuwa wakianika dagaa na kuwageuza polepole, na mmoja wao akanipa wachache niwatafune wakati nikisubiri boti. Mchana ule nilikula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyeungwa kwa mawese, nikiwa peke yangu mezani, sikutazama simu, na nilikula hadi nikashiba bila kumwuliza mtu kama tuondoke sasa. Raha hiyo sikuwahi kuipata katika safari yoyote ya kundi, ambako nusu ya siku hupotea mkibishana mle wapi.

Gombe hufikiwa kwa maji tu. Boti ya abiria huenda ikishusha watu kijiji kimoja baada ya kingine, juu ya ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, na milima inateremka hadi majini. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa nje, lakini sharti aonyeshe kitambulisho, kwa hiyo beba cha NIDA na usibebe nakala peke yake. Ukiwa na mafua, ahirisha, kwani sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu na huruhusiwi kuwakaribia. Huko ndiko mwongozaji alikonisimulia jambo ambalo sikulijua. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alipofika Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, wakuu wa kikoloni walikataa msichana akae porini peke yake, ikabidi mama yake, Vanne, afuatane naye na kukaa naye kambini kwa miezi kadhaa. Kazi iliyoanza hivyo ndiyo iliyoujulisha ulimwengu kwamba sokwe hutengeneza na kutumia zana, na Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Nilisimama pale nikaona kwamba swali la "yuko na nani" halikuanza nasi, na pia kwamba mama yule hakumzuia binti yake, alifungasha mizigo. Wazazi wanaonisoma wapime hapo.

Wakati wa kurudi nilivunja safari katika mji ambao sitautaja, na nyumba ya wageni ya huko siitaji pia. Kijana wa mapokezi alifungua kitabu, nikaandika jina, kabila, kazi, nitokako na niendako, kisha akauliza mwenzangu atafika saa ngapi. Nilipomwambia kwamba niko peke yangu, alikifunga kitabu na kusema wao hawapangishi wanawake wa namna hiyo. Waliokuwa wamekaa sebuleni walisikia. Ninaandika haya nikiwa bado na uchungu, kwa sababu mwanamume aliyefika nyuma yangu, peke yake vilevile, alipewa ufunguo bila swali. Nililala katika hosteli ya masista, chumba safi, komeo imara kwa ndani, uji wa asubuhi, kwa bei nafuu. Tangu siku hiyo hosteli za kanisa ndizo ninazozitafuta kwanza katika kila mji, na kabla ya kulipa popote napiga simu, nasema wazi kwamba ni mwanamke na nitakuwa peke yangu, kisha nasikiliza sauti inavyojibu. Anayesita kwenye simu atakusumbua mlangoni.

Ndugu zangu, tuache kuwasomesha mabinti zetu hadi chuo kikuu kisha tukawafundisha kwamba hawawezi kufika Kigoma bila kushikwa mkono. Wanaosafiri peke yao kwa lazima tunao tayari: muuguzi anayepangiwa kituo wilayani, mwalimu mpya, mama wa biashara anayeshuka Kariakoo kila mwezi na kurudi na mzigo. Hao hatuwaulizi, kwa sababu wanakwenda kuhangaika. Mwanamke anakuwa wa kutiliwa shaka pale tu anapokwenda kufurahi, na hilo sikubaliani nalo na sitakubaliana nalo.

Nilipoweka picha za ziwa, mmoja wa wale wanne waliojitoa kwenye safari yangu aliandika kwamba ningemwambia tu, angekuja. Sikumjibu.

Kwa dada aliyeniandikia: siku hizi treni ya umeme ya SGR inakutoa Dar es Salaam na kukufikisha Dodoma kwa chini ya saa nne, kwa hiyo pitia stesheni uulize ratiba ya kuendelea magharibi na siku zenye behewa la kulala. Omba kitanda cha chini ili mizigo iwe chini yako. Gawa fedha sehemu tatu, na moja ikae mwilini. Mtu mmoja unayemwamini, si kundi zima, awe na namba ya treni na simu ya mahali utakapolala. Wenzako wajulishe ukishaketi kwenye behewa.