Re: Hela za maji za Wanavajo zinaenda wapi?

Mkuu umeuliza kwa nini Wanavajo (kabila la wenyeji asilia wa Marekani) kule Arizona bado wanasomba maji kwa pikapu wakati serikali ya Marekani ilishatoa mabilioni. Hela zipo kweli, sheria ya miundombinu ya 2021 iliipa Indian Health Service (idara ya serikali kuu ya afya ya wenyeji asilia) dola bilioni 3.5 kwa miaka mitano, maji safi na majitaka kwa pamoja, na hiyo idara ndo inajenga mifumo hii tangu sheria ya 1959. Wizara ya kilimo nayo inatoa ruzuku. Shida iko kwenye kuendesha, hela ya kujenga inatoka ila pampu ikiungua, umeme, dawa ya maji, mshahara wa fundi, mzigo mkubwa wanaachiwa kabila wenyewe, sasa watu wachache nyumba zimetawanyika maili na maili hizo bili watazimudu vipi?? Hapo ndo naumia. Alafu 2023 Mahakama ya Juu ikaamua 5 kwa 4 kwamba mkataba wa 1868 kati ya serikali na Wanavajo hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma kabisa, maana mipaka ya ardhi waliyotengewa Wanavajo iliwekwa na serikali hiyohiyo.