Skuta mbele, baiskeli nyuma: maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anajiandaa na mbio za baiskeli, kaniomba nimwongoze kwa skuta, yeye akae nyuma yangu. Kila siku analalamika namkata pumzi. Nakosea wapi? (Uyole, Mbeya)*

Marahaba. Kosa liko mkono wa kulia. Ukivuta mafuta ghafla, skuta inamwacha mita tatu, naye anatoka kwenye kinga ya upepo. Kwa kilomita 40 kwa saa, mahali tambarare, nguvu zake nyingi zinaishia kupambana na hewa. Mwanya ukifunguka inabidi akukimbize, na mara kumi za hivyo zinamaliza miguu. Kwenye keirin ya Olimpiki, mbio za baiskeli za uwanjani, pikipiki ya mbele hupandisha mwendo kutoka 30 hadi 50 taratibu, kisha hujitoa. Fuata utaratibu huo.

Mimi nilikuwa nakodolea macho spidomita tu, hadi siku nilipokiinamisha kioo cha kushoto. Nikaona gurudumu lake la mbele, mabega, na vidole juu ya breki. Mabega yakianza kuyumba, punguza mwendo kwa kilomita mbili kwa saa, kabla hajakuita. Kioo cha kulia usikiguse, hicho ni cha malori.

*Mlimani nishike mwendo uleule? (Tukuyu)*

Hapana, dada. Anapopanda, fuata miguu yake, hata mwendo ukishuka hadi 15. Kwa mwendo huo kinga ya upepo haimsaidii sana, mbebee maji. Mteremkoni usimwongoze kabisa, mwache ashuke peke yake.

*Tupo Iringa. Kitonga panafaa? (Ipogolo)*

Kitonga hapana, tafadhali sana. Kona zile, na malori yanayohema kwenye gia ndogo, hazina nafasi ya watu wawili waliokaribiana. Chukueni barabara ya Dodoma, mmalize mteremko wa Nyang'oro, muanzie tambarare ya kuelekea Mtera. Kukiwa na mbuzi pembeni, achaneni kwanza.

*Umbali gani kati yetu? (Mafinga)*

Anzeni na mita mbili. Atasogea mwenyewe akishaamini mkono wako. Vua keria kama ina ncha za chuma. Breki usiguse akiwa nyuma yako: inua mkono wa kushoto, hesabu hadi tatu, ndipo uachie mafuta kidogo kidogo. Shimo likitokea, mwonyeshe kwa kidole mapema, kwa sababu yeye haoni chochote isipokuwa mgongo wako.