Askari wa miguu si kubeba bunduki tu: maswali yenu na majibu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Makorora hapa Tanga, nimemaliza JKT kwa kujitolea kule Maramba, sasa hivi nasubiri nafasi za jeshi zitangazwe. Washkaji wananiambia ukipangiwa askari wa miguu ndo basi tena, kazi yako ni kutembea na kulinda geti mpaka unastaafu, fani yoyote hutoki nayo. Ni kweli? Na kama fani zipo, mtu unachaguaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza Maramba, kule hakuna lelemama. Hao washkaji wanakupotosha. Vifaru, ndege na mizinga mikubwa vyote vinapiga kazi ili mwisho wa siku mtu wa miguu afike mahali, apashike, adui asirudi. Na ndani ya kikosi kimoja cha miguu kuna fani nyingi kuliko raia wanavyofikiri, ila hupewi fani kwa vile umeiomba, unapewa kwa vile wakubwa wako wamekuona unaiweza. Hilo ndo ningetaka kila kijana alijue kabla hajapanda basi kwenda depo, yaani kambi ya mafunzo ya makuruta.

Na sio hapa kwetu tu. Marekani kijana anaweza kusaini mkataba wanaouita 11X, hapo anajua tu kwamba anakwenda kuwa wa miguu, kama atakuwa 11B wa bunduki au 11C wa mota (bomba la kurushia makombora) anaambiwa hukohuko mafunzoni, na mafunzo yenyewe waliyarefusha toka wiki 14 mpaka 22. Uingereza nao kuruta wa miguu anapikwa Catterick, anatoka akiwa askari wa bunduki kama wenzake, anapelekwa kikosini, akishakaa huko na kuonekana ndo anaanza kupelekwa kozi za mota, za silaha za kupiga vifaru, za upelelezi, za udunguaji, yaani kulenga shabaha kutoka mbali ukiwa umejificha, na kadhalika. Kwetu makuruta wengi wanaanzia Kihangaiko, pale Msata, ukitoka Tanga kwenda Dar njia inapita hapohapo. Mnafundishwa mambo mamoja nyote, kwata, silaha, ramani, kujificha, kulala porini. Usione kwata ni mateso ya bure maana hapo ndo watu wanakusoma.

Sasa nikueleze ya mota kwa kirefu kwa sababu ndo niliyoifanya na ndo vijana wanaijua kidogo kuliko zote. Ni lile bomba linalosimama kwa kuinama kidogo, kombora linapanda juu kisha linashuka kwa adui aliyejificha nyuma ya kilima ambako risasi haifiki. Ya mdomo wa milimita 81, au 82 kwa majeshi yanayotumia silaha za Kirusi na Kichina, inafika kilomita kadhaa na uzito wake ni karibu kilo 40, kwa hiyo inagawanywa, huyu abebe bomba, yule sahani ya chini, mwingine ile miguu miwili, na makombora yanabebwa na kila mtu, hakuna wa kusema hayamuhusu. Mkifika sahani inakandamizwa ardhini ikae sawasawa, maana ikiyumba kidogo tu kombora linaangukia kwingine kabisa. Halafu kuna mwenzenu yuko mbele anaangalia, anaita kwenye redio, "ongeza mia mbili, kulia hamsini", na nyie mnageuza maneno yale kuwa vipimo vya kwenye darubini. Duara lile shuleni uliambiwa lina nyuzi 360, kwenye mota linagawanywa vipande 6,400, na Warusi wao wanalikata 6,000, kwa sababu kipande kimoja kwa umbali wa kilomita moja ni kama mita moja hivi, basi hesabu unaifanya kichwani hata kama mvua inanyesha na watu wanapiga kelele. Mtu wa kutia kombora analiachia mkia ukitangulia, anainama, mikono na kichwa mbali na mdomo wa bomba. Ukikosea hesabu kombora linaweza kuangukia wenzako waliokutangulia mbele. Ndo maana nasema kijana aliyeipenda hesabu form four ana nafasi yake kwenye miguu, na mimi sipendi nikisikia mtu anasema huko ni kwa waliofeli.

Udunguaji ndo kila kijana anautaka kwa sababu ya sinema. Mdunguaji kwa kawaida hafanyi kazi peke yake, wanakwenda wawili, mmoja na bunduki na mwenzake na darubini anayepima umbali na upepo, na muda mwingi hawapigi risasi kabisa, wanalala palepale masaa na masaa wanaangalia na kutuma taarifa, nani katoka, nani kaingia, gari ngapi zimepita. Kama huwezi kukaa kimya na kuandika ulichokiona bila kuongeza chumvi, hata uwe na shabaha ya ajabu haikufai.

Mtu wa redio ni muhimu hivyohivyo, platuni isiyo na mawasiliano haiwezi kuita mota wala kuomba majeruhi wachukuliwe. Na tabibu wa kikosi, huyu mimi namheshimu kuliko wote. Wanajeshi wengi wanaokufa vitani ilhali wangeweza kuokolewa wanakufa kwa kutokwa damu, kwa hiyo anayejua kufunga mkanda wa kukaza mkono au mguu, juu kidogo ya pale penye jeraha, ndani ya dakika zile za mwanzo ndo anamrudisha mtoto wa mtu nyumbani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu kule Semuliki, Kongo, ilivamiwa, tukapoteza vijana wetu na wengine wengi wakajeruhiwa. Mungu awarehemu. Nikiwakumbuka wale siwezi kumsikiliza mtu anayeniambia askari wa miguu hana fani.

Zipo nyingine, wapiga bazuka wa kuzuia vifaru, watafuta njia na wategua vizuizi, madereva, watunza silaha, wakufunzi wa mazoezi ya viungo, na siku hizi warusha droni ambao kila jeshi linawahitaji. Halafu bunduki za rasharasha. Sisi wa Tanga hii tusisahau, Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari kama 8,000 kutoka India, wa upande wa Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, hawakuzidi sana 1,000, na bado ndo walioshinda. Watu hupenda kusema nyuki ndo walioshinda. Nyuki walikuwepo kweli na waliwauma wa pande zote mbili, lakini wapigaji wa rasharasha waliokuwa wamejipanga vizuri ndo waliofanya kazi, na Waingereza walivyoondoka waliacha nyuma bunduki, risasi na hata simu za vita.

Kwa hiyo wewe sasa hivi wakati unasubiri, kimbia kila asubuhi, rudia hesabu zako, jifunze kusoma ramani na dira, ukipata kozi ya huduma ya kwanza ifanye, leseni ya udereva itafute. Ukifika kikosini afande akiuliza nani anaweza hiki, unyooshe mkono ukiwa unakiweza kweli.

SWALI: Afande, salaam. Mimi ni mama wa Pongwe, binti yangu yuko form six na anasema akimaliza anataka jeshi, tena hizohizo za miguu, baba yake hataki hata kusikia. Nafasi kwa mtoto wa kike zipo kweli au anajisumbua?

JIBU: Salaam mama yangu. Hajisumbui. Marekani walifungua kazi zote za mapigano kwa wanawake kuanzia 2016, Uingereza 2018, na wote walipofungua viwango havikushushwa, mzigo ni uleule na kilomita ni zilezile. Kwetu mabinti wako jeshini toka zamani na wamekwenda mpaka kulinda amani nje ya nchi. Akimaliza form six ataitwa JKT kwa mujibu wa sheria, mwache aende, ile miezi mitatu itamwonyesha mwenyewe kama mwili na moyo vinakubali kabla hajafanya uamuzi mkubwa. Baba yake mwambie aende siku ya kufunga mafunzo amwone bintiye anavyopita gwaride, halafu ndo wazungumze. Na kama mtoto ana mkono wa utabibu au kichwa cha mawasiliano, hizo ni fani ambazo kikosi cha miguu kinazihitaji kila siku.

SWALI: Mzee, kuna mtu kaniambia nimtumie laki tano aniingize jeshini moja kwa moja na fani nichague mwenyewe. Nifanyeje? (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Usitume hata mia. Huyo ni tapeli. Kujiunga ni bure, JKT wanatangaza nafasi zao na maombi yanapitia ofisi za mkoa na wilaya, JWTZ nao wanatangaza wenyewe, na hata ukimaliza JKT huwa wanasema wazi kwamba si ahadi ya ajira. Fani ndo kabisa, hakuna mtu wa nje anayeweza kukuuzia. Namba yake ya simu na meseji zake zote usifute, zipeleke polisi Chumbageni leo hii kabla hajampata mwingine.