Mkono wa Mungu hauhitaji Photoshop

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Ile picha yako ya kipaimara umetumia filta gani kupata ile miale? Na mimi nataka watu wakiona picha zangu wauone mkono wa Mungu." Nilianza kumjibu kwa sauti, nikaona nahubiri, nikafuta. Bora niandike hapa, maana si yeye peke yake. Tangu picha ile ichaguliwe kutundikwa kwenye maonyesho kule Arusha, kila mpiga picha ninayekutana naye hapa Moshi ananiuliza filta. Hakuna anayeuliza nilisimama wapi.

Nilisimama pembeni, nyuma ya kinanda, upande wa kwaya. Kanisa lenyewe ni la mawe, la zamani, na upande wa mashariki lina madirisha membamba yaliyowekwa juu sana. Wenzangu walijipanga mbele na flashi zao, kila mmoja anamvizia mtoto wa mteja wake. Mimi nilikuwa nimeshapita siku moja kabla, watoto wakifanya mazoezi, nikaona kwamba jua likipanda kidogo linapenya dirisha la pili na kuangukia palepale watakapopanga foleni. Na nilijua kutakuwa na ubani. Mtumishi wa altare alipotikisa chetezo, moshi ukapanda, na mwanga ambao muda wote ulikuwepo bila mtu kuuona ukasimama kama nguzo katikati ya kanisa.

Akafika binti mmoja mwembamba. Shela imemteleza upande, macho kayafumba kwa nguvu, midomo kaibana. Mkono wa Askofu unamjia, kidole gumba kinang'aa mafuta ya krisma, na bado hakijagusa paji la uso. Hapo ndipo nilipobonyeza. Wenzangu walibonyeza kilipogusa. Picha zao ni nzuri, wazazi wamezinunua na wamefurahi. Yangu ndiyo iliyokwenda Arusha. Nasema bila kujivuna. Haya, najivuna kidogo.

Kilichofanya kazi kwenye picha ile ni ile nafasi ndogo kati ya kidole na ngozi. Sikuibuni mimi. Michelangelo aliichora kwenye mchoro wa kuumbwa kwa Adamu, dari la kanisa dogo la Sistina huko Vatikani, kazi iliyomchukua kuanzia 1508 hadi 1512. Ifungue kwenye simu yako sasa hivi, uikuze pale kwenye vidole. Adamu kajilaza, mkono kauegemeza kwenye goti, kiganja kimelegea, kidole hata hakijanyooka vizuri. Mungu anakuja kwa kasi, joho linapepea, mkono umenyooshwa mpaka mwisho wake. Havigusani. Angevigusanisha tungekuwa na picha ya watu wawili wanasalimiana, na nadhani tungeshaisahau. Miaka karibu tisini baadaye mchoraji Caravaggio akauchukua mkono uleule wa Adamu, na ulegevu wake wote, akampa Yesu anayemwita Mathayo mtoza ushuru. Mchoro huo uko Roma, kanisa la San Luigi dei Francesi. Chumba kina giza, mwanga unaingia kutoka upande mmoja tu, juu ya ule mkono, unawafuata watu waliokaa mezani wanahesabu hela. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kutumia taa moja ya pembeni nawawekea mchoro ule kwanza, kamera baadaye.

Na kabla ya hao wawili, watu walikuwa waangalifu zaidi. Wayahudi na Wakristo wa karne za mwanzo hawakuthubutu kumchora Mungu mzima, wakachora mkono tu, unatoka mawinguni, umeishia kwenye kifundo. Uko kwenye kuta za sinagogi la Dura-Europos, Syria, zilizopakwa rangi karne ya 3. Uko kanisa la San Vitale, Ravenna, karne ya 6: Ibrahimu kainua upanga juu ya mwanawe, na juu kule mkono unatokeza kumzuia. Ukiangalia sana, wachoraji wale walikuwa wanasema kitu kilekile ninachokisema mimi, kwamba onyesha kidogo. Ndugu zetu Waislamu wameenda mbali zaidi; aya inasema mkono wa Mwenyezi Mungu uko juu ya mikono yao, na inabaki kuwa aya, hakuna anayeichora. Nikiitwa kushuti ndoa Tanga huwa sihangaiki na nyuso. Nangoja pale bwana harusi na walii wa binti wanapopeana mkono mbele ya shehe, nasogea, nakamata mikono miwili ile, kofia zikiwa zimeinama nyuma yake bila kuonekana vizuri. Picha hiyo wala siwekei kitu. Na anayeipenda kuliko wote ni bibi harusi, kwa sababu yeye hakuwepo msikitini.

Najua wapo ambao tangu mwanzo wa makala haya wanamfikiria Maradona na lile bao lake la ngumi aliloliita la mkono wa Mungu. Sawa, tumtaje tuendelee. Tarehe 22 Juni 1986, uwanja wa Azteca, Argentina na Uingereza. Refa Ali Bennaceur wa Tunisia hakuona, lakini mpiga picha wa Meksiko, Alejandro Ojeda Carbajal, aliona, na ngumi ipo kwenye picha yake, juu ya kichwa, na kipa Peter Shilton karuka bure. Naye hakutumia filta. Alikuwa amesimama panapostahili.

Sasa niseme lililo moyoni, maana limekaa muda.

Kuna picha niliipiga alfajiri moja huku milimani, mama mzee ameinua mikono kwenye shamba lake la migomba. Ukungu ulikuwa mzito, jua linapita kati ya majani, miale inashuka mmojammoja. Uso wake ulikuwa umeangaziwa upande wa kushoto tu, na viganja vimefunguka, unaona mpaka udongo kwenye kucha. Taasisi moja kubwa, sitaitaja, ikaiomba kwa ajili ya kalenda. Tukapatana bei, ndogo, nikakubali kwa sababu waliniahidi jina langu litaandikwa chini. Kalenda ikatoka. Juu ya migomba yangu walikuwa wamebandika wingu, na kwenye wingu wamebandika mkono. Mkono mweupe, mkubwa, umetolewa intaneti, na ukiuangalia vizuri kwenye kifundo kuna alama ya saa. Yaani Mungu alivua saa kabla ya kupigwa picha! Miale yao inatoka kulia, wakati uso wa mama unaangazwa kutoka kushoto. Jina langu halipo. Lipo la kiwanda cha uchapaji, na namba ya simu.

Niliwafuata. Nikaambiwa nishukuru, kwani picha imependwa, na kwamba "bila ule mkono watu wasingeelewa". Sentensi hiyo imenikaa kuliko hata jina langu kukosekana. Mwaka wa kalenda ulishapita, lakini nakala moja bado ipo kwenye bucha ninaponunua nyama. Muuza nyama amekata tarehe zote kwa mkasi, amebakiza picha. Nilimwomba anipe nimletee nyingine, akakataa, anasema ule mkono umemletea wateja. Nikifika pale naangalia mizani tu.

Sasa nyie wadogo zangu mnaotaka picha zenye Mungu ndani yake, sikilizeni. Ukimbandikia mtazamaji mkono, umemnyang'anya kazi. Yule mama alikuwa anaongea na mtu. Kila anayeiona picha halisi anauliza anaongea na nani, na akishauliza amekwisha ingia shambani naye. Ukimjibu kwa kubandika mkono, anaangalia mara moja anapita. Acha nafasi. Kama kuna jambo moja utalichukua kwangu ni hilo, acha nafasi juu ya vichwa, acha nafasi kati ya mikono, usijaze kila kona ya fremu kwa kuwa umelipia lenzi ghali.

Jambo la pili ni kusubiri. Na kusubiri kwenyewe kuna maarifa yake. Miale haionekani kwenye hewa safi. Lazima kuwe na kitu hewani cha kuushika mwanga, ukungu, vumbi, moshi wa ubani, hata moshi wa kuni jikoni kwa bibi. Jua liwe mbele yako au pembeni, lisiwe mgongoni. Nyuma ya miale kuwe na giza, mti mnene au ukuta usio na mwanga, la sivyo itapotea. Zima flashi, maana flashi inauangaza moshi kutoka mbele na kila kitu kinakuwa cheupe. Pima mwanga kwa pale panapong'aa, uache sehemu nyingine zizame kwenye giza; giza utalifufua baadaye ukishuti faili ghafi (RAW), lakini cheupe kilichoungua hakirudi. Na usihangaike kuinyoosha miale ukiona inatawanyika kutoka sehemu moja. Yenyewe karibu inakwenda sambamba, ni macho tu, sawa na njia ya reli inavyoonekana kukutana mbele. Wale wa kalenda hata hilo hawakulijua, miale yao kila mmoja una jua lake.

Halafu subiri tena.

La tatu, piga mikono ya watu. Mwaka 1980, wakati wa njaa Karamoja, Uganda, Mike Wells alipiga picha ya kiganja cha mtoto aliyekonda kikiwa ndani ya kiganja cha mmisionari. Hakuna uso. Vidole vya mtoto vimekauka, vyeusi, vimelala kwenye kiganja kipana cheupe, basi. Picha ile ikapewa tuzo ya World Press Photo, na Wells mwenyewe hakufurahia, kwa sababu hakupenda kushinda shindano kwa picha ya watu wanaokufa njaa. Mimi kila nikiitazama nashindwa kuamua ni mkono wa nani unaomwakilisha Mungu pale, ule mkubwa unaopokea au ule mdogo uliowekwa. Wenzangu Wakristo watajibu haraka kwamba ni ule mkubwa. Mimi sina haraka hiyo, na nikisoma Mathayo 25, pale Yesu anapojiweka upande wa wenye njaa, nazidi kukosa haraka.

Tuna mzee wetu wa Marangu, Elimo Njau, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora ukutani kwenye kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika nchi ya Wakikuyu, kwa watu wa pale na vilima vya pale. Mwaka 1965 akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na neno analojulikana nalo ni kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Ningependa muandike neno hilo kwenye mikanda ya kamera zenu. Kwa sababu mimi ninachokiona kwenye kurasa zenu ni mkono uleule, wingu lilelile, miale ileile ya dhahabu mnayouziana kwenye vifurushi vya kuediti, na chini yake "Glory to God". Utukufu gani, na hata wingu si la mkoa wetu? Hapa tuna ukungu unaoshuka mlimani kila msimu wa mvua, bure. Amkeni saa kumi na moja!

Na acheni kusambaza vituko. Mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa picha ya Chandra, darubini ya angani inayonasa eksirei, wingu la angani lenye umbo la kiganja, vidole vinaonekana kabisa. Walieleza wazi ni nini: nyota iliyolipuka ikabaki kipande chenye upana wa kilomita kama 20, kinachojizungusha karibu mara 7 kwa sekunde na kutawanya chembe pande zote, umbali wa miaka ya mwanga kama 17,000. Eksirei hazionekani kwa macho, kwa hiyo rangi ziliwekwa na wanasayansi, nalo walilisema. Kwangu mimi maelezo hayo yalinipigisha magoti kuliko umbo lenyewe. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp picha hiyohiyo ilifika maelezo yameng'olewa, imeandikwa ni ishara ya mwisho, tuma kwa watu kumi upate baraka. Mpiga picha anayemsingizia Mungu kwa kompyuta hana tofauti na huyo wa kutuma kwa watu kumi. Wote wawili hawaamini kwamba kilichopo kinatosha.

Kwa wanaotaka niwaangalizie kazi zao: mwezi huu napokea picha za mikono tu. Ya fundi cherehani, ya mkunga, ya mama anayechambua maharage, ya babu anayeshika msahafu au rozari, utakayoipata. Uso usiwemo. Mwenye mkono aombwe ruhusa, na kama ni mtoto aombwe mzazi. Tuma faili ghafi kwa barua pepe, si picha ya skrini, na uandike ulisimama wapi na mwanga ulitoka upande gani. Zitakazonigusa nitazichapisha hapa, na jina lako litakuwa chini yake kwa herufi kubwa.